Globu ya Chumba cha Kati

"Na hii, itakufaje?"

Mama aliuliza akiwa ameishika globu mpya kwa pindo la kanga, kwa mikono miwili, kama ameshika kifaranga. Zile za zamani, za kioo, tulikijua kifo chake: zinalia tak, zinaacha moshi ndani ya kioo, na ukizitikisa karibu na sikio unausikia uzi uliokatika ukicheza. Zilizofuata, za mirija iliyojisokota, zilikuwa na tabia ya kupepesa siku mbili tatu na kuwa nyeusi shingoni kabla ya kuondoka. Hii ya LED ilikuwa ya plastiki nyeupe kama maziwa, nyepesi, kilichomo hakionekani, na Baba alikuwa ametangaza kwamba ndani hamna uzi wowote wa kukatika.

"Wewe si ndiye unayekwenda chuo kikuu," Mama akasema. "Nijibu basi. Nitajuaje kwamba imekufa?"

"Itakuaga," nikamwambia.

Akacheka, akampa mdogo wangu wa kiume globu ile, naye akapanda juu ya meza akaifunga kwenye holda ya chumba cha kati. Swichi ilipobonyezwa tulifumba macho sote. Hatukuwa tumewahi kuona weupe wa namna ile ndani ya nyumba yetu. Mama aliinua macho, akazunguka kuta zote nne, akaona buibui aliyekuwa akiishi pembeni bila kodi, akaagiza ufagio.

Baba alikuwa na duka mjini Singida la vitu vya nyumbani na vya umeme: waya, soketi, kufuli, ndoo, misumari, globu. Juu ya kaunta alikuwa amepigilia kibao chenye holda, na hakuna mteja aliyeondoka na globu kabla haijajaribiwa pale. Baba anaifunga, anabonyeza, anauliza, "Imewaka?" Mteja anajibu, "Imewaka." Hapo biashara imekwisha na ugomvi wowote wa baadaye umekwisha. Taa ilikuwa ni kitu cha kuwaka au kutowaka. Nimelelewa katika imani hiyo kama wengine wanavyolelewa katika imani zao, na imani zile nyingine zote nilizihoji, hii sikuihoji.

Nilichohoji ni boksi. Lilikuwa limeandikwa kwa maandishi makubwa, kwamba globu itadumu miaka kumi na tano.

"Nani amekaa miaka kumi na tano akaiangalia?" nilimuuliza Baba jioni ile ile. "Hizi taa zenyewe zimeletwa juzi."

"Wameandika."

"Hata mafuta ya nywele wameandika yanaotesha nywele, na wewe una upara."

Mdogo wangu akaangua kicheko. Mama akanipiga kidogo begani. "We mtoto, adabu! Huyo ni baba yako."

Baba hakukasirika. Alipenda ubishi, na mimi ndiye niliyemrithi. Akaninyooshea kidole. "Basi tusikie. Hii haiguswi. Itakaa hapo hapo mpaka izimike yenyewe. Ikizimika mapema nitakuita profesa mbele ya wateja wangu wote. Isipozimika, profesa ni mimi."

"Haiguswi," nikakubali.

Lazima nieleze chumba hicho, maana msiba wetu wote uko humo. Nyumba yetu iko Unyambwa, pembeni ya mji, mahali ambapo upepo haukosi na vumbi linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Baba alipoongeza nyumba kwa nyuma, dirisha la chumba cha kati liliishia ndani ya stoo, na kuanzia hapo chumba kile hakikuona jua tena. Mama alikipenda kwa sababu hiyo. Vumbi halikukifikia, na yeye alikuwa akishona kitambaa cheupe.

Alikuwa akishona kofia za mkono. Kazi hiyo si ya kwao. Mama ni mtoto wa wafugaji wa Mungaa, na nyumbani kwao mwanamke alijulikana kwa mengine. Aliyemfundisha ni bibi yetu mzaa baba, aliyekuja huku bara kutoka pwani kwa treni akiwa mwari, akiwa na sindano zake ndani ya kikopo. Wakati Mama anaolewa, mashangazi walisemezana mbele yake bila hata kunong'ona: "Huyu amezoea kukamua ng'ombe. Sindano ataiweza?" Bibi alimkalisha Mama pembeni yake akamwonyesha jinsi ya kutoboa bafta kwa sindano nene, kisha kuuzungushia uzi mdomo wa kila kitundu mpaka ukaze, kitundu baada ya kitundu, mpaka mamia ya vitundu yafanye maua na nyota ambazo ukiishika kofia mbele ya mwanga ndipo unaziona. Kofia moja ilikula miezi. Mama aliiweza. Bibi alipozeeka, mashangazi wale wale walikuwa wanaleta wageni wao kuangalia mkono wa Mama.

Bibi aliacha sheria mbili. Ya kwanza, bwana harusi wa nyumba hii haendi kwenye nikaha na kofia ya kununua. Ya pili, kofia ya harusi haitoki chumbani mpaka ishonwe yote, isije ikaonwa na jicho la mtu ikiwa bado nusu. Kaka zangu wawili wakubwa walioa wakiwa na kofia za Mama vichwani. Alibaki mdogo wangu.

Mchana Mama alikuwa dukani na Baba au jikoni, kwa hiyo kofia ilikuwa kazi ya jioni, baada ya magharibi. Jioni ya kwanza ya globu mpya alitoa kofia ya zamani aliyoishona Bibi wakati wa kumfundisha, akaishika juu, akachunguza, na ghafla akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Njoo uone. Bibi yako aliruka kitundu. Hapa. Miaka yote ile alinisema mimi ndiye ninayeruka, kumbe na yeye!"

Alifurahi kama mtu aliyesamehewa. Nakumbuka uso wake ulivyoonekana chini ya taa ile, kila mkunjo, hadi vinyweleo vidogo juu ya mdomo. Sikujua kwamba ni jambo la kukumbuka.

Nikaenda chuo. Kila likizo niliporudi nilibwaga begi, nikamsalimia Baba shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nilikuwa nimesukuma mlango wa chumba cha kati na kubonyeza swichi. Inawaka. Baba nyuma yangu anakohoa kwa makusudi.

"Habari za masomo, mwanafunzi?"

"Nzuri, profesa."

Ulikuwa mchezo wetu. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo; ukaua friji, ukaua redio ya Baba, ukaua chaja za simu zisizo na idadi. Globu za LED nyingine, za ukumbini na za jikoni, zilikufa moja baada ya nyingine, na kila moja ilipokufa nilipata nguvu ya kubisha upya. Baba alikuwa anazibadilisha kimya kimya na kunielekeza kwa kidevu chumba cha kati. Ile haikufa. Iliwaka jioni, iliwaka usiku Mama anaposahau kuizima, iliwaka mchana kweupe, maana chumba kile bila taa ni kaburi.

Nikahitimu. Nikarudi. Sitaki kueleza sana miaka iliyofuata. Kila mwenye cheti cha chuo kikuu asiye na kazi anaijua. Niliandika maombi, nikasafiri kwenda kwenye usaili wa watu wengi kuliko wanaojaa uwanjani, nikarudi. Nilikaa dukani nyuma ya kaunta ya Baba nikibishana na kila aliyeingia: kuhusu bei, kuhusu dini, kuhusu dawa za asili, kuhusu kwa nini mbegu za alizeti za mwaka huu zimegoma kuota na nani alizileta. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na akili yangu. Na Baba alinigeuza kuwa shahidi wake.

Nakumbuka mteja mmoja, mzee wa Ulemo aliyekuja mjini kununua vitu vya nyumba yake mpya. Aliigeuza globu mkononi kwa shaka.

"Hizi zinadumu kweli au ndiyo mambo yenu ya mjini?"

"Muulize huyu binti yangu," Baba akasema, akijiegemeza nyuma kwa raha. "Msomi huyu. Alinibishia. Mama yake anashonea kofia chini yake mpaka leo, ile ile."

"Ni kweli, binti?"

"Bado inawaka," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli, na mimi nilijivunia kwamba sisemi uongo hata pale ukweli unaponishinda.

"Basi nipe mbili."

Baba akafunga ya kwanza kwenye kibao. "Imewaka?" "Imewaka." Ya pili. "Imewaka?" "Imewaka, mzee mwenzangu."

Sijui Mama alianza lini kubadilika. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakujua. Kwanza nilimwona amesogeza stuli yake katikati kabisa ya chumba, chini ya taa. Kisha akaacha kushona maua madogo, akawa anashona nyota kubwa, na alipoulizwa alisema siku hizi watu wanapenda nyota. Kisha jioni moja akanyoosha mkono bila kunitazama na kusema, "Nitungie uzi."

Mama hakuwahi kumwomba mtu kumtungia uzi. Nilichukua sindano, nikawasha tochi ya simu bila hata kufikiri, nikatunga, nikamrudishia. Bila hata kufikiri. Nimeirudia mara nyingi kichwani hiyo tochi.

"Macho," akasema. "Yameanza kuondoka."

Kuanzia hapo tulikuwa na neno la kila kitu. Mama akikosea kitundu, ni macho. Akiacha kusoma juzuu yake jioni, ni macho. Mama mdogo alikuja kutoka Mungaa na asali na jogoo, wakakaa wakizungumza Kinyaturu nusu ya siku, na alipoondoka alinishika mkono mlangoni akanionya nimpime dada yake sukari, maana sukari huanza na macho. Tukapima. Hakuwa na sukari.

Nikampeleka hospitali. Chumba cha macho kilikuwa na dirisha kubwa upande wa jua, na ukutani kulikuwa na zile herufi zinazogeuzwa kila upande, kubwa juu, ndogo chini. Mama alikaa mbali, akafunika jicho moja kwa kiganja, akaanza kuonyesha kwa kidole. Juu. Chini. Kushoto. Alishuka mpaka mstari ambao mimi mwenyewe niliukazia macho. Daktari, kijana mpole, alimmulika ndani ya macho, akampa miwani ya kusomea, akasema, "Macho yako ni mazuri kwa umri wako, mama. Huna tatizo la kukutisha."

Nje ya geti Mama alisimama. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Nimeona zile herufi zote."

"Mama, herufi zile ni kubwa. Kofia si herufi." Sikumwamini yule daktari. Alikuwa ametumia muda mfupi, foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba watu hukosea wakiwa na haraka. Nikamtafutia Mama hospitali nyingine, mkoa wa jirani, yenye mashine kubwa zaidi. Wakatia dawa ya kutanua mboni, wakapiga picha, wakapima presha ya jicho. Majibu yakawa yale yale.

Mtu mwingine yeyote angeshukuru Mungu. Sisi tulirudi kwenye basi kama watu waliotoka kuzika. Maana kama macho ni mazima na mtu haoni, basi ugonjwa ni ule usioonekana, na huo hauna dawa. Mama aliangalia nje, mawe makubwa ya njiani yakipita, na alikuwa anayaona, alinionyesha hata mbuzi aliyesimama juu ya jiwe moja. Kisha akasema, "Wao wanaangalia macho ya nje. Mimi nayajua ya ndani."

Ile miwani aliivaa chumba cha kati jioni ile. Aliivua, akaifuta, akaivaa. Akaiweka mezani.

Mdogo wangu alipoleta habari za kuoa, nyumba ilipata uhai kwa wiki chache. Mama alikata bafta mwenyewe, mchana, mlango wazi, mkasi ukaenda moja kwa moja kama zamani. Halafu akaingia nayo chumba cha kati na kufunga, kama sheria ilivyotaka.

"Toa nje, Mama," nilimwambia. "Kaa kibarazani mchana, tutakushikia duka. Mbona mchana unaona vizuri?"

"Mchana Mungu ananionea huruma kidogo."

"Si ndiyo nasema, ukashone mchana."

"Kofia ya harusi haishonwi kibarazani. Watu wanapita."

"Watu wakipita watafanya nini? Macho yao yana sindano?"

"Wewe huamini kitu," akasema Mama, bila hasira. "Niache mimi na ninachoamini."

Tukabishana kuhusu jicho la mtu. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Nilieleza kwamba husuda haina njia ya kutoka kwenye mboni ya mpita njia ikaingia kwenye kitambaa. Nilishinda ubishi ule kabisa, na juu ya vichwa vyetu globu ilikuwa inawaka.

Jioni aliyoacha kushona, sote tulikuwa pale. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango, Baba amekaa kwenye mkeka akihesabu tasbihi. Kofia ilikuwa imepita nusu. Mama aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akaitoboa, akajichoma. Tone dogo la damu likaingia kwenye bafta nyeupe. Alilitazama kwa muda kama hajui ni nini.

"Mama," mdogo wangu akasema, "hata vitundu vikienda upogo nitaivaa. Nitawaambia ndiyo mtindo wa Dar."

"Ukweni kwako watasema mama mtu ni kipofu."

"Nani aseme! Nitamvua kofia yake na mimi."

Mama hakucheka. "Nikushikie tochi?" mdogo wangu akauliza, sasa kwa sauti nyingine.

"Utakaa umeshika tochi miezi yote? Na tochi naona doa moja tu, kwingine giza." Akaichomeka sindano kwenye bafta, akaikunja kofia pamoja na sindano yake, akaniwekea mkononi. "Basi. Bibi yenu atanisamehe. Sioni, mwanangu. Nimejitahidi, sioni."

Baba aliacha kuhesabu. Aliinua uso akaitazama taa, nakumbuka, aliitazama moja kwa moja, kisha akamtazama Mama. "Mama watoto," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia tena, "taa ya kutosha ipo. Ni umri tu. Pumzika."

Mdogo wangu alioa akiwa na kofia ya kununua. Ilikuwa nzuri, ya mashine, maua yake yote yamefanana. Shangazi mmoja aliishika mbele ya dirisha, akaigeuza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii si ya mkono."

"Macho, wifi," Mama akajibu. "Macho yameondoka."

Ikawa kama alivyosema. Mtu akishaambiwa na nafsi yake kwamba ni kipofu, anajifunza haraka. Mama aliacha kushona, akaacha kusoma jioni, akaacha kukaa nasi baada ya magharibi. Alikuwa analala mapema kama kuku. Kazi za jikoni alimwachia mke wa mdogo wangu, aliyekuwa akiishi nasi pale pale. Majirani walianza kumshika mkono giza likianza kuingia, naye akawaachia mkono wake. Alizeeka kwa mwendo ambao haukuwa wa umri wake. Mchana alichambua mchele kwenye ungo, kila jiwe akilikamata, na sisi tulipita tukimwona akiyakamata mawe, tukasema kwamba vidole vyake vimezoea.

Alifariki wakati wa masika, kwa homa ambayo mwili wenye nia ya kuishi ungeishinda. Hilo ni wazo langu tu, sina ushahidi, na najua ningemfanya nini mtu mwingine ambaye angeniletea wazo lisilo na ushahidi. Lakini nilikuwepo. Niliona jinsi alivyokuwa ameshamaliza kabla ya kumaliza.

Baada ya arobaini mdogo wangu alihamia mjini na mkewe, na nyumba ikatuzidi mimi na Baba. Tukapangisha chumba cha kati kwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya darasani. Alifika na godoro na masanduku jioni. Nikamfungulia, nikabonyeza swichi, nikaondoka kumwachia nafasi. Nikamsikia akiniita.

"Dada! Njoo kidogo. Mnaishije na hii?"

"Na nini?"

"Hii taa. Mbona imeshakufa?"

"Si inawaka," nikamwambia.

Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeshika kitabu juu chini. Hakubishana. Alikuwa na globu yake kwenye mfuko wa jikoni, akapanda juu ya sanduku, akaifungua ile ya Baba, akaifunga yake, akashuka akaniambia, "Washa."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliona kuta nne za chumba ambacho nilikuwa nimekisahau. Niliona kwamba rangi ilikuwa ya kijani, wakati kwa miaka nilidhani ni ya kijivu. Niliona mtandao wa buibui kutoka pembe hadi pembe. Niliona pale stuli ilipokuwa ikikaa, katikati, sakafu imelika kwa miguu yake minne, na kuzunguka hapo, kwenye nyufa za saruji, vipande vya nyuzi nyeupe ambavyo hakuna aliyewahi kuvifagia kwa sababu hakuna aliyeviona.

Mwalimu aliniuliza kama ninaumwa.

Nilikwenda kwenye kabati la Mama, nikachukua ile kofia iliyokunjwa na sindano yake, nikarudi nayo, nikaomba ruhusa, nikaishika chini ya taa mpya. Nilitafuta vitundu vya mwisho, vile alivyoshona akiwa kipofu. Vilikuwa sawa. Vidogo, vimekaza, vimepangana, mstari haujapinda hata mahali pamoja. Karibu na lile doa la damu tu ndipo alipokuwa ameruka kimoja.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui amesimama kwa muda gani. Alikuwa akiangalia chumba. Aliiokota ile globu ya zamani pale mwalimu alipoiweka, akaifunga kwenye leso, akaondoka nayo.

Asubuhi nilimkuta dukani peke yake, kabla ya wateja. Alikuwa ameifunga kwenye kibao. Jua lilikuwa linaingia mlangoni na kwa mwanga ule ilibidi uchungulie ndipo ujue kama kuna kitu kinachotokea ndani ya ile plastiki, ambayo sasa ilikuwa na rangi ya meno ya mzee.

"Imewaka," Baba akasema. Hakuwa ananiuliza. Akaizima, akaiwasha tena. "Si unaona? Imewaka."

"Imewaka, Baba."

"Hujanishinda."

"Sijakushinda."

Akaiacha pale, akaenda kupanga ndoo mlangoni. Nikaifungua mimi. Tangu siku hiyo Baba anauza globu bila kuzijaribu, na wateja wanalalamika. Kibao kimebaki juu ya kaunta, holda yake imejaa vumbi. Mchezo wa profesa umekwisha. Tunakula chakula cha jioni tukizungumzia hali ya hewa, watu wawili waliokuwa hawawezi kukubaliana hata kuhusu chumvi, na sasa tunakubaliana kuhusu kila kitu.

Nilikuja kupata kazi ya mkataba, mbali kidogo, kwenye ofisi inayokagua vifaa vya umeme kabla havijaingia sokoni. Kazi yenyewe ni ya kupanga mafaili na mimi si mtaalamu. Lakini nilikuwa na swali la kiporo, na huko kulikuwa na vitabu. Kwanza niligundua kwamba miaka ya kwenye boksi imehesabiwa kwa kudhani taa inawashwa saa tatu hivi kwa siku, katika hewa ya kawaida. Yetu ilikuwa inawaka mchana na jioni katika chumba kisicho na dirisha la nje.

La pili lilinichukua muda zaidi kulielewa, kwa sababu nililisoma nikadhani wamekosea kuandika. Maisha ya globu ya LED hayahesabiwi mpaka siku inapozimika. Yanahesabiwa mpaka siku mwanga wake unapobaki asilimia sabini ya ule wa siku ya kwanza. Kuanzia hapo, kwa hesabu za wanaozitengeneza, globu imeshakufa, na inaweza kuendelea kuwaka kwa miaka mingi.